Je, wajua kwa nini masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) inayovuja huzamisha pedali ukikanyaga taratibu, lakini hukaza ukikanyaga kwa nguvu?

Gari la mashindano limesimama, injini imezimwa. Kanyaga breki kwa nguvu: pedali inagota na haisogei. Achia, kanyaga tena, safari hii kidogo tu, kisha ushikilie hapohapo. Pedali inaanza kuteremka yenyewe, polepole, hadi inakaribia sakafu. Chini ya gari hakuna hata tone. Tangi dogo la mafuta ya breki limejaa vilevile. Mafuta yamekwenda wapi?

Hayajatoka. Yamepenya pembeni ya raba iliyo ndani ya masta silinda na kurudi kwenye tangi yalikotoka. Huko ndiko kuvuja kwa ndani, na ndiko kunakowahangaisha mafundi zaidi, maana macho hayaoni kitu na mguu mzito hausikii kitu.

Ndani ya masta silinda kuna pistoni inayosukumwa na fimbo inayotoka kwenye pedali. Mbele ya pistoni kuna raba yenye umbo la kikombe, mdomo wake ukielekea upande wa mafuta yanayobanwa. Nyuma kabisa kuna raba ya pili, ambayo kazi yake ni kuzuia mafuta yasitokee nje kwenye pedali. Kati ya raba hizo mbili kuna nafasi iliyounganishwa na tangi, nayo hujaa mafuta muda wote. Raba ya nyuma ikichoka, mafuta hutiririka kwenye fimbo na kulowesha sehemu ya miguu ya dereva. Raba ya mbele ikichoka, mafuta huishia kwenye ile nafasi ya kati, kisha tangini, na hakuna anayejua.

Raba ya mbele haikazwi na bolti wala gundi. Hukazwa na mafuta yenyewe. Shinikizo likipanda, huingia ndani ya kikombe na kuusukuma mdomo ubane ukuta wa silinda, na kadiri shinikizo linavyokuwa kubwa ndivyo mdomo unavyobana. Pampu ya baiskeli ya mkono hufanya hivyohivyo: ukisukuma kwa kasi upepo unakwenda kwenye tairi, ukisukuma polepole huku kiwambo chake kimechakaa, upepo unarudi nyuma.

Tupige hesabu. Magari mengi ya mashindano hayana busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, kwa hiyo nguvu yote hutoka mguuni. Tuseme dereva anakanyaga kwa nguvu ya nyutoni 450, sawa na uzito wa kilo 45 hivi, na pedali inazidisha nguvu hiyo mara 5. Ikigawanywa sawa kwa masta silinda mbili zenye kipenyo cha inchi 5/8, yaani milimita 15.9, kila moja hupata shinikizo la bar 57 hivi. Kwa shinikizo hilo hata raba iliyochoka hushika. Sasa punguza mguu hadi nyutoni 20. Shinikizo linabaki bar 2.5 tu, na hapo mdomo wa raba unategemea unyumbufu wake wenyewe kushika ukuta. Kama umekakamaa au umechanika kidogo, mafuta hupita.

Ndiyo maana ubaya huu hujificha kwenye gari la mashindano kuliko kwenye gari la kawaida. Dereva wa mbio hukanyaga kwa nguvu mwisho wa sehemu iliyonyooka, pedali inakaza, naye anaamini breki ni nzima. Anaanza kuhisi kitu pale anapoingia kwenye kona huku akiuachia mguu kidogo kidogo. Shinikizo limeshuka, raba inaachia, pedali inamkimbia mguuni.

Hapo kuna jambo la pili. Magari hayo kwa kawaida huwa na masta silinda mbili zilizokaa sambamba, moja ya magurudumu ya mbele na moja ya nyuma, na katikati yake kuna ufito unaogawa nguvu ya pedali. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa magari mengi ya mashindano hudai mfumo wa njia mbili unaoendeshwa na pedali moja, ili mafuta yakivuja popote pedali iendelee kufunga walau magurudumu mawili. Ni kinga nzuri. Lakini masta moja ikivuja kidogo kwa ndani, ule ufito huinama upande mmoja, na mgawanyo wa mbele na nyuma hauko tena pale ulipopangwa. Dereva atalalamika kwamba gari linateleza nyuma au linakataa kukata kona, na watu watahangaika na springi na tairi wakati mkosaji ni kipande cha raba.

Usichanganye dalili. Pedali inayobonyea kama ina upepo kweli ina upepo, yaani hewa imeingia kwenye mabomba. Pedali inayokuwa ndefu mara ya kwanza na kupanda ukikanyaga mara ya pili, mara nyingi inaonyesha pedi zimesukumwa mbali na diski. Pedali inayozama ghafla baada ya mizunguko mikali huwa ni mafuta yaliyochemka. Inayozama taratibu mguu ukiwa umetulia, na breki zikiwa baridi, hiyo ni masta, ilimradi umekagua mabomba, hozi na kalipa (kibano kinachosukuma pedi kwenye diski) ukakuta ni kavu.

Raba huharibikaje? Adui mkubwa ni maji. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hufyonza unyevu wa hewani. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 ikiwa mpya ni nyuzi 230 za Selsiasi. Ikiwa na maji asilimia 3.7, kinashuka hadi 155. Watu wengi wanaijua hasara hiyo, ila wanasahau kwamba maji hayohayo hula chuma. Gari la mashindano hukaa miezi bila kutembea, na ukuta wa silinda hufanya vishimo vidogo vya kutu, hasa kwenye sehemu ambayo raba huwa haifiki. Kisha anakuja mtu kutoa upepo, anakanyaga pedali mpaka sakafuni mara kadhaa. Raba inapelekwa juu ya kile kipande kilichoparuzika, na mdomo unachanika. Masta iliyokuwa nzima asubuhi inavuja jioni, na fundi analaumiwa kwa kosa asiloliona. Dawa yake ni rahisi mno: weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho.

Sababu nyingine ni fimbo inayosukuma pistoni ikiwa imekaa kombo, jambo la kawaida pale ufito wa mgawanyo unapopangwa vibaya. Pistoni husukumwa upande, ikala ukuta na raba pamoja. Nyingine ni mafuta yasiyostahili. Raba za breki hizi hutengenezwa kwa EPDM, aina ya raba ya viwandani, na EPDM ikikutana na mafuta ya injini, petroli au grisi ya kawaida huvimba. Nimeshika raba ya namna hiyo mkononi: laini, pana kuliko mfereji wake, na ukijaribu kuirudisha haiingii.

Kwenye kutengeneza, swali la kwanza ni kama ubadilishe raba tu au masta nzima. Nyonya mafuta tangini, tandika kitambaa juu ya rangi maana mafuta haya huibabua, fungua bomba kwa spana inayoshika pande zote za nati, kisha uzibe mdomo wa bomba. Toa klipu ya nyuma, pistoni itatoka. Sasa safisha silinda na uimulike kwa tochi huku ukiizungusha polepole. Ukuta mzima hung'aa sawasawa. Ukiona doa jeusi, pitisha ncha ya kijiti cha mbao juu yake: kikikwama, hicho ni kishimo, na raba mpya haitadumu. Silinda ya chuma cha kusubu yenye madoa mepesi inaweza kusuguliwa kidogo. Ya alumini isiguswe, kwa kuwa kinachoilinda ni tabaka jembamba gumu juu ya uso wake, na ukilisugua umelimaliza. Kwa gari la mashindano mimi nasema wazi: ukiwa na shaka, weka masta mpya.

Kama ukuta ni mzima, osha kila kitu kwa mafuta safi ya breki au spiriti ya isopropili, si petroli. Lowesha raba mpya kwa mafuta ya breki, ziingize kwa vidole bila bisibisi, na hakikisha mdomo wa kikombe unaelekea mbele. Ukiuweka kinyume, masta haitasukuma kitu. Jaza masta na kuitoa upepo ikiwa kwenye jiliwa kabla ya kuirudisha garini, kwa misukumo mifupi.

Ukishaifunga, acha fimbo iwe na uhuru mdogo kabla ya kugusa pistoni. Karibu na raba, ukutani, kuna tundu dogo mno linalorudisha mafuta tangini pedali ikiachiwa. Fimbo ikibana muda wote, raba hulifunika tundu hilo, mafuta yakipata moto hayana pa kupumulia, na breki hujishika zenyewe katikati ya mbio.

Halafu toa upepo kwenye magurudumu, upange upya ufito wa mgawanyo, na ufanye jaribio lililoanzisha haya yote: mguu mwepesi, umetulia, kwa dakika moja au mbili. Ukiwa na geji ya shinikizo, ifunge kwenye tundu la kutolea upepo la kalipa, usome namba badala ya kutegemea mguu. Viringisha karatasi nyeupe nyuma ya masta na uikague baada ya mizunguko ya kwanza ya mwendo wa wastani. Ikilowa, raba ya nyuma haikukaa sawa na masta itoke tena. Ikiwa kavu na sindano ya geji haikushuka, gari linaweza kuingia kwenye mbio.