Safu ya Kushoto Isibaki Tupu

Kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa chuo mbinu za kujisomea, na kitu cha kwanza ninachoomba kuona ni daftari. Mara nyingi nakuta kurasa zimejaa pomoni, karibu kila neno la mhadhiri limo. Lakini ukimuuliza mwenye daftari mhadhara ulihusu nini, anaanza kupekua kurasa.

Mhadhiri huongea maneno zaidi ya 100 kwa dakika. Mkono hauandiki hata nusu yake. Anayetaka kunasa yote huachwa nyuma, na akili yake yote huishia kwenye kunakili. Ngoja wazo lifike mwisho, kisha liandike kwa maneno yako. Tuseme mhadhiri wa uchumi anaeleza mfumuko wa bei. Daftarini panatosha hivi: "Bei juu: (1) fedha nyingi, bidhaa chache, (2) gharama za uzalishaji zimepanda, (3)......" Ya tatu imekupita? Acha nafasi, songa mbele, utamuuliza mwenzako baadaye. Ukisikia "sababu ni tatu" au "kinyume chake", au akirudia jambo lile lile, hapo andika. Slaidi mtakazopewa usihangaike nazo.

Katika miaka ya 1950, Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alibuni mpangilio unaotumika hadi leo: safu nyembamba kushoto, pana kulia, na nafasi ya muhtasari chini. Wengi huchora mistari vizuri kabisa, kisha safu ya kushoto inabaki tupu muhula mzima. Jambo hili linaniuma, maana faida kubwa imo humo. Ni safu ya maswali, nayo hujazwa baada ya kipindi, siku hiyo hiyo ukiweza. Kando ya notisi zile za uchumi andika: "Bei hupandaje hata watu wasipoongeza manunuzi?" Funika upande wa kulia, jibu kwa sauti, ndipo ufunue. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba usahaulifu huwa mkali zaidi mwanzoni kabisa, kwa hiyo kusubiri wiki ya mitihani ni kuanza upya. Na kusoma tu tena na tena hudanganya: maandishi ukishayazoea, unadhani umeyaelewa.

Kalamu au kompyuta? Utafiti mmoja wa 2014 uliipa kalamu ushindi, ila waliourudia baadaye hawakupata tofauti ya wazi. Kwa masomo ya fomula na michoro nashauri kalamu. Kwingineko tumia ulichozoea, mradi intaneti umeizima.