Moto hausafishi chuma: dhana potofu kuhusu maandalizi kabla ya kuchomelea

Welding ikianza kutema na kupasuka badala ya kuunguruma kwa sauti moja, fundi hukimbilia mashine. Ataongeza ampea (nguvu ya umeme), atapunguza, atabadilisha kijiti cha kuchomelea. Mara nyingi tatizo liko chini ya mshono: kutu, rangi, mafuta, umande. Haya yafuatayo nimeyasikia kwa mafundi wazoefu, na mawili matatu niliyaamini mwenyewe kwa muda mrefu.

"Uchafu utaungua wenyewe."

Utaungua, sawa, lakini moshi wake utapitia wapi? Rangi na grisi zikipata moto hugeuka gesi ndani ya dimbwi la chuma kilichoyeyuka, na dimbwi hilo huganda kwa muda mfupi mno. Gesi isiyowahi kutoka hubaki humo kama vitundu. Vikijitokeza juu una bahati, kwa sababu umeviona. Vya ndani utavigundua siku mshono utakapokatika.

Tena mafuta na maji yana hidrojeni, ambayo atomu zake ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya chuma chenyewe. Kwenye chuma kinene au chenye kaboni nyingi, hidrojeni hiyo huweza kuleta ufa saa nyingi baada ya kazi kupoa. Ndiyo maana kazi nzito za namna hiyo aghalabu husubiri hadi saa 48 kabla ya kukaguliwa mara ya mwisho.

"Dawa ya kijiti inatosha."

Dawa ni ule unga mgumu uliopakwa kuzunguka kijiti, na hapa kuna ukweli nusu. Vijiti kama E6010 na E6011 huvumilia kutu kiasi, na vilitengenezwa kwa kujua hivyo. E7018 ni habari nyingine: ni kijiti cha hidrojeni kidogo, chenyewe kinatakiwa kiwe kikavu, sasa ukikipeleka kwenye chuma chenye umande faida yake umeimwaga. Waya wa MIG (welding ya waya unaojisukuma wenyewe chini ya gesi) una silikoni na manganizi za kupambana na oksidi, yaani kutu na ngozi za namna hiyo, kidogo tu. TIG (welding ya ncha ya tungsteni chini ya gesi) haina dawa yoyote. Ulichokiacha juu ya chuma ndicho utakachokikuta ndani ya mshono.

"Kikishang'aa, kimekuwa safi."

Hii ndiyo inayodanganya watu wengi kuliko zote. Chukua bamba jipya kutoka kiwandani. Lina ngozi nyeusi yenye ubuluu kwa mbali, laini, haina hata chembe ya kutu. Ngozi hiyo ni oksidi iliyojengeka bamba likipitishwa kwenye rola likiwa la moto. Ukiipitishia brashi ya waya inayozunguka kwenye grainda, itang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, na bado ipo palepale: umeisugua ikapata mng'ao, hukuiondoa. Ingiza diski ya msasa mpaka rangi ibadilike kutoka weusi hadi kijivu cheupe, walau milimita 25 kila upande wa kiungo. Usisahau upande wa chini, ambao karibu kila mtu huuruka.

Mafuta nayo hayaonekani kwa macho. Pitisha kitambaa cheupe, kitakwambia. Na hapa mpangilio una maana: mafuta yafutwe kwanza, grainda ifuate. Ukianza na grainda unayapaka mafuta kwenye eneo zima na kuyashindilia ndani ya mikwaruzo, halafu brashi ile ile inayabeba hadi kazi inayofuata.

"Brashi ni brashi."

Brashi ya chuma cha kawaida ikipita kwenye chuma cha pua huacha chembe zake, na baada ya siku chache chuma "kisichopata kutu" kinaota madoa ya kahawia. Mteja atakulaumu wewe, na atakuwa na haki. Kwa alumini, weka brashi ya chuma cha pua isiyogusa kitu kingine chochote. Oksidi ya alumini huyeyuka karibu nyuzi 2,072 za Selsiasi, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Ukiiacha, alumini inakuwa uji chini ya ngozi ambayo bado ni ngumu.

"Ukipasha chuma, maji yaliyo ndani yake hutoka."

Hata mimi niliapa kwa hili. Unapitisha tochi ya gesi juu ya bamba baridi, matone yanatokea, unaridhika kwamba limetoa jasho. Chuma hakinywi maji. Gesi inapoungua hutengeneza mvuke, na mvuke huo ukikuta bamba la baridi hugeuka matone. Endelea kupasha mpaka yapotee kabisa, maana ukiacha njiani utakuwa umeliongezea bamba maji.

"Kunywa maziwa, galvanaizi haitakudhuru."

Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Galvanaizi ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma, kwa hiyo lazima ifuke moshi mweupe. Saa kadhaa baadaye unatetemeka, unapata homa na mwili kuuma kama mwenye malaria. Ondoa zinki kwenye eneo la mshono ukiwa umevaa barakoa ya kufaa, na ufanyie kazi penye hewa inayopita.

"Dawa yoyote ya kuondoa mafuta inafaa."

Kwa hili sina mzaha. Baadhi ya dawa za kupuliza za kusafishia breki zina viyeyushi vya klorini. Mabaki yake yakikutana na joto na mwanga mkali wa welding huweza kutoa fosjeni, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, mapafu yakijaa maji wakati mtu amesharudi nyumbani. Soma kopo, ukikuta neno lenye "kloro" au "chlor" kwa Kiingereza, liweke mbali na kazi ya kuchomelea. Petroli nayo hapana. Asetoni inafaa, ila inawaka kirahisi mno: futa, acha chuma kikauke kabisa, funga kopo ulisogeze mbali, na kitambaa ulichofutia usikitupe pale chini cheche zinapoangukia.