Je, wajua kwa nini kuacha kozi ni rahisi kuliko kuiongeza?

Katika vyuo vikuu vingi, mwanafunzi anaweza kuacha kozi hata wiki kadhaa baada ya muhula kuanza. Akitaka kuongeza kozi mpya, dirisha hufungwa mapema zaidi, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Wengi hulaumu urasimu wa ofisi ya msajili. Mimi naona sababu kubwa iko kwenye hesabu ya saa.

Nchini Marekani, kanuni za serikali ya shirikisho huhesabu krediti moja (kipimo cha uzito wa kozi) kuwa saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Kozi ya krediti tatu, basi, ni saa 45 darasani na 90 nje: jumla 135. Anayejiunga mwanzoni mwa wiki ya tatu amepitwa na saa 18. Saa hizo hazifutwi. Atazilipa huku kazi za wiki ya tatu zikimsubiri, na kozi zake nyingine nazo hazimngoji. Kwenye hisabati au lugha, ambako somo la leo linasimama juu ya la jana, pengo hilo humfuata hadi chumba cha mtihani.

Wala haliishii kwake. Vikundi vya maabara vimeshapangwa, jaribio la kwanza limeshasahihishwa, na mhadhiri anabaki na swali gumu: amtungie jaribio lake peke yake, au alama zake zihesabiwe bila hilo? Anayeacha kozi huacha kiti kitupu tu. Anayeingia kwa kuchelewa huwaongezea wengine kazi.

Sababu nyingine ni siku ya kuhesabu wanafunzi. Vyuo vikuu vya umma vya Texas huhesabu wanafunzi wao siku ya 12 ya masomo katika mihula mirefu, na idadi hiyo ndiyo hutumika kwenye taarifa za serikali. Australia nayo ina siku ya namna hiyo, ambayo haiwezi kuwekwa kabla asilimia 20 ya muda wa kozi haijapita. Ikishapita, ada inadaiwa hata ukiacha kozi.

Hata hivyo, mlango haufungwi kabisa. Vyuo vingi vina fomu ya kuongeza kozi kwa kuchelewa, inayohitaji saini ya mhadhiri na pengine ya mkuu wa idara. Kwangu, saini ya mhadhiri ndiyo yenye uzito, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama yaliyopita yanafidika. Na aliyecheleweshwa na ugonjwa au mkopo wa masomo ambao haujatoka anastahili kusikilizwa. Kumpa jibu lilelile la aliyekuwa akisitasita si haki.

Ukiwa njia panda kati ya kozi mbili, jisajili zote mbili ikiwa kikomo cha krediti kinaruhusu, kisha uache moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha bila ada wala alama kwenye rekodi yako. Ukiwa kwenye orodha ya kusubiri nafasi, mwombe mhadhiri akuruhusu kuhudhuria tangu kipindi cha kwanza, na ufanye kila zoezi. Nafasi ikipatikana wiki ya pili, hutakuwa na saa za kufidia.