Mwalimu Mpya, Funga Pochi Ufungue Azimio la Kazi

"Shikamoo Madam. Mshahara wa kwanza umeingia! Leo nimetoka mjini na manila ishirini, maki peni za rangi nne, rimu moja na gundi. Jumatatu uje uone darasa langu."

Nikamjibu marahaba, nikaweka simu mezani, nikaenda kuinjika chai kwanza. Huyu ni mwalimu mpya wa nne tangu shule zifunguliwe. Nimeshika chaki miaka kumi na tisa kabla ya kuwa afisa elimu kata, na kila ajira mpya zikitoka nasikia wimbo huu huu. Kijana amesota mtaani miaka akisubiri jina lake litoke. Mshahara ukifika, makato yamemtangulia: Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kodi ya serikali juu yake. Kinachobaki kinasubiriwa na mwenye nyumba, muuza magodoro, na mama kijijini aliyeuza mbuzi ili mtoto amalize chuo. Naye anakimega tena, anakipeleka stationari.

Ukimuuliza kwa nini hakuomba shuleni, jibu ni moja, na ndilo linalonipandisha presha.

Dhana: "Shule haina hela, kuomba ni kujisumbua."

Hela ipo. Ni ndogo, sitabishana na mtu, lakini ipo, na inaingia kwa hesabu inayojulikana. Tangu elimu bila malipo ianze Tanzania Januari 2016, kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati yake 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 huja kwenye akaunti ya shule. Kwa sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi. Chukua shule yenye watoto 600: 6,000 mara 600 ni milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, yaani laki 3 kwa mwezi. Hiyo laki 3 inunue chaki, ichapishe majaribio, izibe bati linalovuja, itengeneze kitasa, ipeleke timu kwenye mashindano ya kata. Mtoto mmoja anabaki na shilingi 500 kwa mwezi. Andazi na chai havitoshi hapo.

Basi vijana husikia hesabu hii wakasema, si umeona, hakuna hela. Hapana. Hela ikiwa ndogo namna hii, inakwenda kwa mwenye hitaji lililoandikwa. Mwalimu mkuu hapigi ramli. Anakaa na kamati ya shule, mbele yao kuna karatasi: fundi ameleta makadirio ya mlango, mwalimu wa michezo ameandika mpira mmoja na neti, mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, ameandika karatasi za mtihani. Darasa la kwanza halijaandika kitu, na ukipita dirishani unaona kuta zimejaa chati za rangi. Wewe ungekuwa kwenye kamati ungempa nani? Mlango unapata hela, na uliyeulipia, kwa kuzunguka nyuma, ni wewe.

Nina haki ya kusema kwa ukali kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza na wa pili nilifundisha darasa la kwanza, watoto tisini na kitu, na kila kilichokuwa ukutani kilitoka kwenye mfuko wangu. Wageni walikuwa wakija wanaletwa kwangu. Nilijisikia malkia. Kisha nikaenda likizo ya uzazi. Mwenzangu aliyeshika darasa akaenda ofisini kuomba chaki za rangi na manila tano tu, akajibiwa: "Mwenzako mbona hakuwahi kuomba?" Aliniambia maneno hayo nikiwa nimempakata mtoto, akiwa anacheka, na mimi nikacheka. Usiku sikupata usingizi. Miaka miwili ya ukarimu wangu ilikuwa imeiandikia shule yangu, kwa mwandiko safi, kwamba darasa la kwanza halihitaji kitu.

Sasa twende kwenye azimio la kazi, ule mpango wako wa kufundisha wa mwaka mzima, maana huko ndiko mnakojikaanga wenyewe. Azimio lina safu ya zana. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024 baadhi ya safu zilibadilika, lakini ya zana haikwenda popote. Nikikagua maazimio ya walimu wapya nakuta safu hiyo imejazwa hivi kuanzia Januari hadi Novemba: "chati, picha, vifaa halisi". Mstari wa chini: "chati, picha, vifaa halisi". Amenakili la mwaka jana, la mwaka jana lilinakiliwa la mwaka juzi. Mwalimu mkuu anasaini, mimi nagonga muhuri, na wote tumedanganyana.

Safu ile ndiyo oda yako, mwalimu. Ni mahali ambapo hitaji lako linakaa kwenye waraka rasmi wenye saini ya mkuu wako. "Chati" haina bei, hakuna atakayeinunua. Lakini ukiandika "manila 3, maki peni 2, kadi za silabi, Februari wiki ya pili", mtaaluma anaweza kuijumlisha na za wenzako, akatoka na orodha, orodha ikaingia kwenye kikao. Ukimaliza azimio, toa hizo zana kwenye karatasi moja, weka idadi na bei ya duka la karibu, mpe mtaaluma, baki na nakala. Kazi ya jioni moja.

Na angalieni kalenda. Ninyi mnaanza mwaka Januari, serikali inaanza mwaka wake Julai mosi. Kila mwaka walimu wapya wanakuja Januari na mahitaji wakati bajeti iko katikati na imeshagawanywa. Wanaambiwa hakuna, wanavunjika moyo, na miezi michache baadaye mpango wa mwaka unaofuata unapoandaliwa hawafungui mdomo. Januari omba cha lazima. Cha ukubwa, kama kabati la vitabu, maabara ndogo ya sayansi, seti ya vifaa vya jometri vya ubaoni, kiandike mapema ili kiingie kwenye mpango wa Julai.

Ukinyimwa je? Utanyimwa, tena mara nyingi. Hapo ndipo safu ya mwisho, ile ya maoni, inapofanya kazi. Nimechoka kusoma "somo limeeleweka". Andika ukweli: "Kipimajoto hakikupatikana, jaribio halikufanyika, wanafunzi wamesoma kwa maelezo." Mthibiti ubora wa shule akija, hiyo ndiyo sentensi atakayosimama nayo. "Somo limeeleweka" anaipita kama tunavyoipita sote.

Najua swali linalokuja: Madam, watoto wakae bure wakati mimi nasubiri kikao? La. Sitamkataza mtu kumnunulia mtoto penseli, nami bado nanunua. Ninachotaka ni kimoja, na wanaonifahamu wamechoka kukisikia: chochote ulichonunua kwa hela yako, kiandike. Chukua kaunta buku, weka tarehe, kitu, bei, na neno "mwalimu" kwenye safu ya nani amelipa. Mwisho wa muhula jumlisha, mpelekee mwalimu mkuu aione. Usidai, muoneshe tu jumla. Wengine hawajawahi kujua darasa linakula kiasi gani mpaka walipooneshwa.

Dhana: "Nitanunua sasa, nikileta risiti nitarudishiwa."

Usithubutu kuingia dukani kwa imani hiyo. Hela ya shule huidhinishwa kwanza, hutumika baadaye. Kuna maombi, kuna idhini, kuna risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kuna wanaopokea mzigo na kuuhakiki, kuna leja ya stoo. Ukija na kikaratasi cha duka la mtaani chenye tarehe ya wiki jana, mwalimu mkuu akikulipa anakuwa amejitafutia hoja ya ukaguzi. Mtu akikuambia kwa mdomo "nunua tu tutaona", hiyo "tutaona" usiitilie maanani. Mwalimu mmoja alikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, anunue printa kwa neno kama hilo. Riba ilimfuata hadi geti la shule. Printa alikuja kuiuza.

Dhana: "Watoto wakitoa mia mbili mbili za kutoa kopi si dhambi."

Ni kosa, na utalijibu peke yako. Tangu Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni Januari 2018, jambo hili halina utani. Wazazi wakitaka kuchangia wana mkutano wao, kamati yao na vibali vya ngazi za juu, na hata hapo mwalimu wa darasa hashiki hela. Sare, madaftari na kalamu ni juu ya mzazi, mkumbushe. Lakini siku utakayopanga watoto mstari wenye mia mbili na wasio nazo, atakayekuwa na picha kwenye simu ni mzazi, na barua itakayofika ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu.

Dhana: "Zana bora ni ya kununua."

Manila ni karatasi. Mvua moja ya masika kwenye darasa lenye bati la misumari iliyolegea, umekwisha. Kilichobaki kinaliwa na mchwa wakati wa likizo. Mimi ni mtu wa viroba: chukua kiroba cheupe cha kilo 50, kifumue, kifue, kigeuze upande usio na maandishi, andika kwa maki peni. Unakikunja, unakiweka begani, unahamia nacho darasa la pili mchana. Mchwa hawana hamu nacho. Nina cha silabi kilichodumu miaka saba.

Gundi ni uji mzito wa muhogo. Vihesabio ni vizibo vya soda. Ukipenda mahindi na maharage, weka kwenye chupa yenye kifuniko, la sivyo panya watahesabu kabla ya watoto. Ubao ukifubaa, mkaa uliosagwa na majani ya matembele vinaurudishia weusi wake. Zile betri za redio mnazovunja kwa jiwe ziacheni, unga wake si wa kushikwa na watoto. Na kabla hujachora moyo wa binadamu kwa rangi nne, fungua kitabu cha TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, ukurasa husika. Mara nyingi mchoro umo, vitabu vimo kabatini, ufunguo uko kwa mtu ambaye hujamsalimia tangu uripoti.

Dhana: "Ni sisi tu. Wenzetu Ulaya na Marekani wanapewa kila kitu."

Walimu wa Marekani nao wanajinunulia, tena imekuwa kawaida kiasi kwamba sheria yao ya kodi ina kifungu chake: mwalimu anayejinunulia vifaa vya darasa anaruhusiwa kuvitoa kwenye kipato kinachotozwa kodi, hadi kiwango fulani kwa mwaka, ambacho 2022 kilipanda kutoka dola 250 hadi 300. Huku PAYE, kodi ya mshahara, imeshakatwa kabla hujaona meseji ya benki. Nawaonea gere kidogo kwa hilo, si zaidi. Hela aliyotoa hairudi yote, anapunguziwa kodi yake tu.

Dhana: "Nilichonunua ni changu, nikihama nahama nacho."

Hii ni kweli nusu. Kama hukukabidhi, ni chako. Ulichokabidhi kikaingia kwenye leja ya shule kimeshakuwa mali ya shule, hata kama jasho ni lako. Amua mapema, andika kwa kalamu ya wino. Nimeshaamulia ugomvi wa saa ya ukutani kati ya watu wazima wawili, na sina hamu ya mwingine.

Yule binti wa manila ishirini nilimfuata Jumatatu kama alivyoniomba. Darasa lilikuwa linapendeza kweli, nikamsifu, kisha tukaketi kwenye dawati la nyuma na azimio lake. Lilikuwa na "chati, picha, vifaa halisi" mara thelathini na moja, tulihesabu pamoja. Akaliandika upya kwa siku tatu. Mtaaluma akapeleka orodha kikaoni pamoja na za wengine. Ameomba manila ishirini za muhula wa pili, amepewa sita, na rimu moja nzima. Kumi na nne zilizobaki zimeandikwa kwenye rasimu ya Julai, jina la darasa lake limo. Juzi kanitumia ujumbe anauliza viroba vyeupe vinapatikana wapi kwa bei nzuri. Nikamwambia aende kwa mama muuza mchele sokoni, asiende stationari.