Kwa nini Farao Ramses anamtolea Mtume Petro maua?

Katika hekalu la Wadi es-Sebua, kusini mwa Misri, kuna ukuta unaoshangaza. Kushoto na kulia amechongwa Farao Ramses II, akinyoosha mikono kutoa maua. Anayetolewa maua hayo, katikati, ni Mtume Petro mwenye ufunguo mkononi, ilhali Ramses alitawala zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Kristo.

Hekalu alilijenga Ramses mwenyewe, na pale katikati zilikaa sanamu za miungu. Wanubi, wenyeji wa eneo hilo, walipopokea Ukristo katika karne ya 6, hawakulibomoa. Walilifanya kanisa, wakapiga lipu juu ya michongo na kuchora watakatifu wao. Baadaye lipu ya pembeni ilibanduka, Farao akaonekana tena, naye Petro akabaki palepale. Lipu hiyo ndiyo iliyoikinga michongo kwa karne nyingi, kwa hiyo si haki kusema Wakristo wa kale waliharibu tu. Ni kweli kwamba kule Philae, hekalu jingine la kusini mwa Misri, sura za miungu zilipigwa patasi na misalaba ikachongwa ukutani, lakini hata hapo jengo lilipona kwa sababu lilipata watu wa kulitumia.

Kwa nini wasijenge upya? Mawe yaliyokwisha kuchongwa ni mali, na watu walikuwa wameshazoea kukusanyika pale. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliagiza kwamba huko Uingereza sanamu zivunjwe, lakini mahekalu yenyewe yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekewa altare, ili watu waendelee kufika mahali walipopazoea.

Ugumu wa kugeuza hekalu kuwa kanisa ulikuwa wa kiufundi. Hekalu la Kigiriki lilikuwa chumba cha mungu kilichozungukwa na nguzo, na umati ulibaki nje. Wakristo walitaka waumini waingie ndani. Tazama Sirakusa, mji wa Kigiriki wa kale katika kisiwa cha Sisilia, Italia, ambako Paulo alikaa siku tatu (Matendo 28:12). Hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, lilikuwepo tayari alipopita. Katika karne ya 7 mafundi waliziba nafasi kati ya nguzo za nje kwa kuta, kisha wakatoboa matao katika kuta za chumba cha ndani, na ukumbi mpana ukapatikana. Nguzo hizo nene bado zinaonekana ukutani. Waarabu walipouteka mji mwaka 878 walilifanya msikiti, Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, wakalirudisha kuwa kanisa, na leo ndilo kanisa kuu la jimbo, miaka kama 2,500 tangu mawe yake yapangwe.