Methadoni: maswali tunayoulizwa Arusha na Moshi

Si ni kuacha unga huu na kushika mwingine?
Hapana. Heroini hupanda kwa dakika na kuisha kwa saa chache, arosto (maumivu ya kukosa dawa) ikarudi, mtu akatafuta kete. Methadoni ni dawa ya maji ya kutibu uraibu wa heroini, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya nesi, na hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Aliyefikia dozi yake hapati stimu wala arosto. Anakwenda kazini.

Nimeanza, mbona bado naumwa?
Siku ya kwanza ni miligramu 20 hadi 30 tu. Dozi ya leo inaikuta ya jana bado imo mwilini, hivyo dawa huendelea kujazana kwa siku kadhaa hata kipimo kisipoongezwa. Ndiyo maana huongezwa 5 hadi 10, kwa kusubiri. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari zaidi: ukiongezea kete, valium au pombe, pumzi hukatika usingizini. Mbege nayo ni pombe.

Nikikosa siku?
Zikifika tatu, mwili umeanza kuisahau dawa. Dozi ya zamani inaweza kukuua. Hupunguzwa, na zikifika tano huanzwa upya. Ukipanda Machame au Rombo Desemba, iambie kliniki mapema wakupangie pa kunywea. Na usifiche siku ulizokosa, tafadhali.

Nina TB.
Sema kabla ya kuanza vidonge. Rifampisini, moja ya dawa za TB, hulifanya ini liivunje methadoni haraka, na arosto hurudi kwa dozi ileile. Wengi huacha tiba hapa wakidhani dawa imewakataa, kumbe ilihitaji kupandishwa. Dawa za kifafa kama fenitoini hufanya vivyo hivyo. Ukimaliza TB, dozi ishushwe taratibu.

Mjamzito?
Aendelee. Kukata ghafla kunaweza kuharibu mimba.

Tuanzie wapi?
Kwenye kliniki za serikali dawa ni bure. Ulizia rufaa hospitali ya Mount Meru, Arusha, au Mawenzi, Moshi.

Mtu amezidisha dawa, tufanye nini?
Anakoroma, haamki, pumzi ni chache. Msimpe maziwa, yatamkaba. Mlazeni ubavu, asipopumua, mpulizieni mdomoni huku mkitafuta gari. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini na methadoni, humwamsha, lakini huisha nguvu ndani ya saa moja au moja na nusu, methadoni ikiwa bado imo. Akiamka, abaki hospitali.