Je, wajua kwa nini taya huamua bima italipia kifaa gani cha kuvuta shingo?

Mgonjwa wa Tanga ambaye shingo inampelekea ganzi mkononi, akishaambiwa avute shingo nyumbani, mara nyingi humwomba ndugu aliyeko Marekani amtafutie kifaa. Ndugu akitazama madukani hukuta vifaa vya kazi ileile: kimoja cha kamba cha bei nafuu, kingine cha pampu cha bei kubwa, na kila kimoja kina namba inayoanza na herufi E. Bima ya huko husoma namba hiyo, na tofauti kubwa kati ya namba hizo iko kidevuni.

E0860 ni kifaa cha mlangoni. Kina chuma kinachoning'inizwa juu ya mlango, kapi (ndugu wadogo wa kapi za kupandishia tanga la jahazi), kamba, mkanda unaoshika kidevu na kisogo, na mfuko wa maji unaovuta kwa uzito wake. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na kapi zisizosogea hazipunguzi uzito, zinageuza mwelekeo tu. Kichwa chenyewe kina kilo 4 hadi 5, kwa hiyo kwa aliyekaa kitini lita 2 hazijavuta kitu. Zinasaidia kubeba kichwa tu. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia huanza karibu na kilo 4 na kupanda taratibu, na mifuko mingi huishia ratili 20, yaani kilo 9. Kaa ukiutazama mlango, shingo imeinama mbele kidogo, na mlango ufungwe kwa ufunguo. Anayeupa mlango mgongo shingo yake hupinda nyuma, ganzi ikazidi, kisha akalaumu kifaa.

Sasa taya. Mkanda ukipita chini ya kidevu, sehemu ya mvuto huishia kwenye kiungo cha taya, mbele ya sikio. E0849 ni kifaa cha pampu ya hewa chenye stendi, nacho huvuta bila kulemea taya. E0855 hakihitaji stendi wala fremu ya ziada.

Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi na baadhi ya walemavu, hulipia E0860 kwa masharti mawili: mgonjwa awe na tatizo la misuli, mifupa au neva linalohitaji kuvutwa, na awe ameonyeshwa matumizi akakivumilia. Kwa E0849 na E0855 huongezwa sharti moja kati ya haya: ugonjwa wa kiungo cha taya uliokwisha kutibiwa, taya au shingo iliyobadilika umbo, kwa mfano baada ya upasuaji mkubwa, kiasi kwamba mkanda wa kidevu haukai, au daktari aandike kwamba zinahitajika zaidi ya ratili 20. Vya kufunga kitandani, E0840, na vya stendi ya kawaida, E0850, hukataliwa kwa hoja kwamba havijathibitika kukishinda cha mlangoni.

Madai huanguka kwenye maandishi. "Maumivu ya shingo" peke yake hayatoshi: jalada lionyeshe ugonjwa, mkono wenye ganzi, kilo, dakika, na kwamba mgonjwa alikijaribu mbele ya mtaalamu. Yakikubaliwa, baada ya kiasi cha mwaka anachoanza kulipa mwenyewe, mgonjwa hubaki na asilimia 20.

Kadi ya ndugu haimnunulii mtu wa Makorora, Tanga. Bima ni ya mgonjwa mwenyewe. Huku kwetu NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hulipa vituo kwa huduma zilizomo kwenye kitita cha mafao, kwa hiyo usitegemee kurudishiwa fedha kwa risiti ya dukani. Kabla ya kununua, nenda ofisi ya bima yako na cheti cha daktari, uulize mambo mawili: kifaa kimo kwenye kitita chako? Kinahitaji kibali? Kisipokuwemo, ulizia fiziotherapia katika hospitali ya mkoa, Bombo.

Aliyevunjika shingo, mwenye kifua kikuu cha mgongo, saratani ya mifupa, baridi yabisi ya shingoni, au anayeyumba akitembea, asivutwe kabla daktari hajampima na kumruhusu.

Taya likianza kuuma, usiongeze maji wala usivumilie kimya. Mwambie mtaalamu, litibiwe, liandikwe. Kwa mwenye Medicare, maandishi hayo ndiyo yanayoweza kumfungulia kifaa cha pampu.